Mtu wa Nane

"Konso, unakumbuka vile nilikuzamisha mu pisini?"

Nasra aliniuliza hivyo mbele ya wanawake wote waliokaa kwenye mkeka, nao wakacheka, ingawa tulikuwa matangani na Bibi Salma hakuwa amemaliza wiki kaburini. Nasra alikuwa amefika siku hiyohiyo kutoka Maskati. Alikuwa amechelewa mazishi, amenenepa kidogo, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyelia njia nzima ndani ya ndege. Aliponiona mlangoni aliruka miguu ya watu kuja kunikumbatia. Alinukia udi. Kisha akanikalisha karibu naye, akanishika mkono, na akaanza kuwasimulia wageni habari za ule mchezo wa kompyuta tuliocheza tukiwa wasichana, mchezo wa familia, ambamo unawajengea watu nyumba, unawalisha, unawaogesha na kuwapeleka kazini. "Huyu alikuwa fundi," akasema. "Mi nilikuwa najenga tu. Huyu ndiye alikuwa analisha kartie nzima, mutaa muzima! Halafu siku moja nikamuua. Nikatoa ngazi ya pisini, mutu akaogelea mpaka akakufa. Basi huyu akakasirika, wiki nzima hakunisemesha. Juu ya mchezo!"

Nilicheka pia. Mimi ni mtu wa kujibu nikiwa nimeshafika nyumbani; kwa watu natabasamu tu, halafu njia nzima ya kurudi nazungumza peke yangu kama kichaa. Safari hii nimeamua kujibu kwa kuandika, ingawa shule yangu iliishia darasa la sita na kalamu inanichosha. Nasra anaukumbuka mwaka ule kama mwaka wa mchezo. Mimi naukumbuka kama mwaka niliojua mimi ni nani kwao, na sijawahi kumwambia, wala hajawahi kuniuliza.

Sitaeleza kwa urefu jinsi mama zetu walivyojuana. Inatosha kusema kwamba walijifungua kwa wakati mmoja, wakiwa majirani wa ukuta mmoja hapo Buyenzi, na mama yake Nasra akaugua sana baada ya uzazi, maziwa yakamkauka. Mama yangu akatunyonyesha wote wawili, mimi ziwa hili, Nasra ziwa lile, mpaka yule mwenzake alipopona. Kwetu sisi Wakristo hilo lingekuwa wema wa jirani na lingeishia hapo. Kwa familia ya Nasra, Waarabu ambao babu zao walitoka Omani wakafungua maduka hapa mjini, lilikuwa jambo la dini. Waliokunywa ziwa moja ni ndugu. Ndugu wa kiume wa Nasra hawawezi kunioa kamwe, kama wasivyoweza kumwoa Nasra mwenyewe. Ndiyo maana mwaka 2003, wakati wa vita, risasi zilipoanza kushuka kutoka milimani hadi karibu na Cibitoke tulikokuwa tumehamia, mama hakunipeleka kwa shangazi wala kwa mjomba. Alinifungia nguo zangu kwenye kitenge, akanileta Buyenzi, akasema tu, "Nimemuleta kwa ndugu yake." Nilikuwa na miaka kumi na sita.

Nyumba yao nilikuwa naijua kwa sikukuu tu, siku za Idi, tulipokuja kula na kuondoka. Kuishi ndani yake ni kitu kingine. Kulikuwa na sebule ya wanaume yenye viti vya kijani ambavyo havijavuliwa nailoni yake, na nyuma yake chumba cha wanawake, chenye zulia, mito ya kuegemea, cherehani ya Bibi Salma, na pembeni, chini ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kompyuta. Mjomba mmoja alikuwa ameileta kutoka Dubai. Chumba kilinukia karafuu na mafuta ya nywele. Mchana ule wa kwanza, sinia la pilau lilipowekwa katikati, mimi nilibaki nimesimama karibu na mlango, nikingoja nipewe sahani yangu mahali fulani. Bibi Salma, mama wa baba yake Nasra, akanitazama juu ya miwani.

"Weye unangoja nini? Unangoja ambulansi?"

"Apana, Bibi."

"Basi kaa. Huyu si mugeni," akawaambia wengine, kama vile kuna mtu aliyebisha. "Huyu na Nasra ni ziwa moja. Musogee."

Wakasogea. Nasra akanichotea nyama akaisukuma upande wangu wa sinia. Kula kwenye sinia kuna adabu yake: unakula mbele yako tu, huvuki kwa mwenzako, na anayekupenda anakusogezea kipande kizuri bila kusema kitu. Kwa miezi mingi upande wangu wa sinia ulikuwa kati ya Nasra na Bibi Salma, na nyama ilinijia kutoka pande zote mbili. Hata leo, nikitaka kujua mtu ananiweka wapi, sitazami uso wake. Natazama mahali aliponiachia kukaa wakati wa chakula.

Kutoka nje kulikuwa kwa shida mwaka ule. Jioni kulikuwa na amri ya kutotembea, na mchana Mama Nasra hakututuma mbali zaidi ya duka la kona. Shule ya Nasra ilifunguliwa wiki moja na kufungwa wiki nyingine. Kwa hiyo umeme ukiwapo, tuliondoa kile kitambaa, tukaiwasha kompyuta, na mtaa wetu ukatokea: barabara moja, majani ya kijani mno, na viwanja vitupu vikingoja watu. Maandishi yalikuwa ya Kifaransa, Nasra akinisomea mwanzoni, lakini haikuchukua muda nikawa siyahitaji. Kila mtu wa mle ndani alikuwa na mistari yake ya rangi: wa njaa, wa usingizi, wa choo, wa usafi, wa furaha. Ukiwa kijani yuko sawa. Ukiwa mwekundu anaanza kupunga mikono na kulia, akikutazama wewe uliye nje ya kioo, kana kwamba anajua uko pale. Mimi nilikuwa msichana ambaye hakuna mtu aliyemwomba kitu kwa sauti. Kutazamwa vile kulinifurahisha.

Nyumba ya kwanza Nasra aliijenga kama ya Buyenzi, maana ndiyo nyumba tuliyoijua. Akazungusha ukuta mrefu kiwanja chote. Jiko akaliweka nje, upande mmoja wa ua, na choo akakiweka mwisho kabisa, upande wa pili, mbali na sebule, kwa ajili ya heshima. Halafu akatia ndani familia mbili pamoja, kama watu wanavyoishi kwenye rupango, ua mmoja wa wapangaji, wakitumia choo kimoja. Ilikuwa balaa. Watu wale hawakuumbwa kwa rupango. Walikojoa katikati ya ua kabla ya kukifikia choo. Waligombana, wakapigana makofi, wakakaa chini wakalia. Gari la kumpeleka baba kazini likapiga honi nje ya ukuta mpaka likaondoka, kwa sababu Nasra alikuwa amesahau kuweka mlango wa ua. Na huyo baba tulimkataza kupika, maana hatukuwahi kumwona mwanaume mwenye nyumba akipika, kwa hiyo mke akienda kazini mume alikaa na njaa mbele ya jiko zima.

Bibi Salma alikuwa akishona nyuma yetu huku akitazama.

"Hawa watu hawaswali?"

"Hakuna musikiti mule, Bibi," Nasra akajibu.

"Ndiyo maana jiko linawaka moto."

Na kweli lilikuwa linawaka. Mke alikuwa amerudi, amechoka, ameacha chakula motoni. Tulicheka mpaka Mama Nasra akaja kutunyamazisha. Bibi akavua miwani, akaifuta, akasema, "Konsolata, yule mwanamuke mulaze kwanza. Unamuona mistari yake? Munamutesa tu." Kuanzia siku hiyo Bibi aliniita mimi, si Nasra, kila alipoona mtu wa mle ndani ana shida.

Baada ya hapo tuligawana kazi bila kupanga. Nasra alipenda kujenga na kununua viti. Akishamaliza kupamba nyumba alichoka na wenyewe, akahamia kiwanja kingine, akaanza watu wapya. Mimi nilibaki na wote. Kulikuwa na nyumba ya mama mdogo wake, Rahma, anayekaa Kinindo karibu na ziwa, yenye pisini, yaani bwawa la kuogelea, kubwa kuliko sebule. Kulikuwa na familia za rafiki zake wa shule. Mwisho wa barabara Nasra alinipa kiwanja changu, nikajenga chumba na ukumbi, nikamweka mama yangu na wadogo zangu wawili. Mchezo ule ulikuwa na kanuni moja niliyoigundua mwenyewe: nyumba usiyoifungua, hakuna kinachotokea ndani yake. Hawasikii njaa, hawazeeki, hawaugui. Wanakaa vile ulivyowaacha mpaka utakaporudi. Basi mama yangu nilimpikia, nikamkalisha mezani pamoja na wadogo zangu, mistari yao yote ikiwa kijani, nikafunga nyumba, na sikuifungua tena. Siku ambazo tulisikia milio upande wa kaskazini na njia ya Cibitoke ikawa imekatika, nilihudumia nyumba zote za mtaa ule isipokuwa hiyo. Nilijua ni ujinga. Lakini nililitazama paa lake mwisho wa barabara, nikajua wanaendelea kula.

Nyumba kubwa kuliko zote ilikuwa yao wenyewe. Nasra alimtia baba yake, mama yake, Bibi Salma, yeye na wadogo zake watatu. Saba. Mchezo uliruhusu nane.

"Wa nane ni we," akasema, akaandika *Konso*, na kwa sababu wote walibeba jina moja la ukoo, likaandikwa juu yangu pia. Alinichagulia gauni la njano na nywele fupi. Nilijiona nikitembea kwenye ua wao, nikikaa mezani kwao, nikilala kitanda kando ya cha Nasra.

"Na mukienda Arabuni?" nikamuuliza. Wakati ule habari za kuhama zilikuwa zimeanza. Baba Nasra alizisema sebuleni na wageni wake, nasi tulizisikia kupitia ukuta: kuna ndugu Maskati, duka halina wateja, watoto hawasomi.

"Sha, unauliza nini? Hauoni umeandikwa?" akagonga kioo kwa ukucha. "Tunaenda sote."

Nilimwambia mama alipokuja kunitembelea. Sikupaswa kusema kitu ambacho watu wazima hawakusema, lakini nilikisema, na mama akatazama mikono yake, kisha akasema kama mtu anayejiambia mwenyewe, "Ziwa halipotei." Alirudi Cibitoke akanunua kitenge cha bluu chenye ndege, akampelekea fundi anishonee gauni. Na kwa sababu alikuwa mtu aliyepata furaha chache, aliwaambia majirani kwamba naenda Arabuni.

Kiangazi kilipofika, mabomu yaliangukia upande wa kusini wa mji, na mama mdogo Rahma akakimbia Kinindo akaja kwetu na watoto wake wanne, magodoro juu ya gari, na tundu la kasuku asiyenyamaza. Nyumba ikajaa. Siku ya kwanza tulibanana kwenye sinia, mabega kwa mabega. Siku ya pili Rahma, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu amechoka, akatazama mduara ule na kusema, "Huyu binti hawezi kula baadaye kidogo? Watoto hawafikie chakula." Mama Nasra alinitazama kwa macho ya kuomba. Nikainuka mwenyewe, nikasema sina njaa.

"Mutoto anaenda wapi?" Bibi Salma akauliza.

"Anaangalia chai, Mama," Mama Nasra akasema. Hakukuwa na chai motoni.

Nimefikiria mara nyingi jinsi ilivyokuwa rahisi. Hakuna aliyenifukuza. Kesho yake nilikula jikoni kwa sababu jana nilikula jikoni. Kisha kwa kuwa nilikuwa jikoni, niliosha vyombo. Kwa kuwa kitanda changu kilipewa watoto wa Rahma, nikalala chumba cha akiba, kati ya magunia ya mchele. Kwa kuwa niliamka hapo, mimi ndiye niliyewasha moto. Watoto wa Rahma, ambao hawakunijua, walianza kuniagiza: "Konso, maji. Konso, kiatu." Nasra alisikia, na mwanzoni aliwakaripia. "Muiteni dada!" alisema. Baadaye hakusikia tena. Alikuwa bado ananipenda. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba katika mambo yote haya sikupata hata mtu mmoja wa kumchukia vizuri.

Michezo yetu ilipungua, lakini haikuisha. Mchana mmoja Nasra alikuja jikoni akanivuta mkono. Mama yake alikuwa na mimba, akaninong'oneza, na alitaka familia ya kwenye kompyuta nayo ipate mtoto, waone ni wa kike au wa kiume. Akawasimamisha baba na mama uani, akawafanya wabusiane mara nyingi, tukacheka, lakini mtoto hakuja. Nasra akasoma maelezo, midomo ikitembea.

"Bon. Nyumba imejaa. Hawawezi kuwa tisa."

Nikaelewa kabla yake. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, mikono yangu ina sabuni. Kwenye kioo, Konso wa gauni la njano alikuwa anamwagilia maua.

"Mutoto anaweza kuzaliwa mu nyumba ingine," nikasema. "Anzisha familia mupya."

"Apana, mi nataka hii." Alifikiri kidogo, akachezesha kalamu mdomoni. "Hawa watu mutu hawezi kuhama peke yake. Ni mpaka afe." Akageuka, akaniona uso. "Sha, ni mchezo! We uko hapa, unapumua."

Akajenga pisini uani. Akamwambia Konso aingie kuogelea, naye akaingia kwa furaha, akaruka kabisa. Kisha Nasra akaiondoa ngazi. Watu wa mchezo ule hawakujua kupanda ukingo. Bila ngazi hawatoki. Nilitazama mstari wa usingizi ukishuka. Nilitazama wa njaa. Aliogelea akienda na kurudi, akisimama mara kwa mara kunipungia mikono, na mimi, ambaye kwa mwaka mzima sikuwahi kumwacha mtu yeyote wa mtaa ule afike kwenye nyekundu, nilikuwa nimesimama na sabuni ikikauka mikononi. Nyumba yote ilikuwa inaendelea. Baba alisoma gazeti. Nasra wa mle ndani alicheza dansi. Bibi Salma halisi, aliyekuwa akishona, ndiye aliyenyanyua kichwa.

"Yule anafanya nini mule majini muda wote?"

"Anaogelea, Bibi."

"Anaomba. Mutoeni."

"Hatuna nafasi, Bibi."

Bibi aliacha kushona. "Astaghfirullah," akasema, "mutu anakufa na we unasema nafasi?" Lakini ilikuwa imekwisha. Palibaki kijiwe cha kaburi kwenye nyasi. Familia ikatoka nje, wote saba, wakasimama kukizunguka wakalia, mikono usoni, kilio cha kweli kabisa. Kisha mmoja mmoja wakarudi ndani kula. Siku hiyohiyo ya mchezo mtoto akaja, wa kiume, Nasra akapiga makofi. Mimi nikarudi jikoni. Si kweli kwamba sikumsemesha wiki nzima. Nilimsemesha kesho yake, nilipompelekea chai.

Baada ya hapo akaja mpiga picha. Walihitaji picha za pasipoti, na Baba Nasra hakutaka kuwatoa watu wote kwenda mjini, kwa hiyo alimwita nyumbani, kijana mrefu mwenye shati la mistari. Siku hiyo nilikuwa nimeoga asubuhi na mapema. Nilikuwa nimevaa lile gauni la kitenge cha bluu, alilolileta mama juma lililotangulia, likiwa bado linanukia pasi ya mkaa. Hakuna aliyekuwa ameniambia nivae. Hakuna aliyekuwa ameniambia nisivae. Mpiga picha alitaka ukuta mweupe, na kuta za nyumba ile zilikuwa za kijani, kwa hiyo wakaleta shuka. Watu wakapanga mstari: Baba Nasra, Mama Nasra akificha tumbo kwa mtandio, Bibi Salma kwenye kiti, Nasra, wavulana watatu waliopakwa mafuta mpaka wanang'aa. Nami nikasimama nyuma ya mvulana wa mwisho.

"Na huyu?" mpiga picha akauliza.

Nakumbuka kasuku wa Rahma alikuwa anapiga kelele nje. Nakumbuka Nasra alitazama sakafu. Mama Nasra akarekebisha mtandio wake.

"Huyu apana," akasema kwa upole. "Konso, mwanangu, shika shuka, linalegea."

"Na Konsolata haende?" Bibi Salma akasema kutoka kitini. "Ziwa moja yule."

"Mama, pale ambassade, ubalozini, hawaulizi ziwa. Wanauliza karatasi." Mama Nasra akainamia kiti cha Bibi. "Tumeuliza. Baba Nasra ameuliza mara mbili."

Sijui kama waliuliza. Nimekuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kufikiria na sijui. Nilipanda juu ya kigoda nyuma ya kiti, nikashika shuka kwa mikono miwili juu ya vichwa vyao, nikalinyoosha. Walikuja kukaa mmoja mmoja, nami niliona utosi wa kila mmoja: wa Baba wenye upara unaoanza, wa Nasra wenye mstari mweupe wa kitana. "Juu kidogo, dada," mpiga picha alikuwa akiniambia. "Usitikise." Sikutikisa. Bibi Salma alipokaa, hakutazama mbele. Aligeuza shingo kunitafuta, mpaka mpiga picha alipomwambia mara tatu, "Bibi, hapa, angalia hapa."

Kompyuta iliuzwa kwa mtu wa Ngagara aliyekuwa na ofisi ya kupiga chapa, pamoja na mtaa wetu wote ndani yake. Nasra aliniachia mto, viatu, na chupa ya manukato iliyofika nusu. Alilia sana siku ile, akanishikilia mlangoni mpaka dereva akapiga honi, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Bibi Salma alinishika uso kwa mikono yake miwili, akaingia garini. Mimi nikafunga nguo zangu kwenye kitenge kilekile na kurudi Cibitoke kwa miguu, njia ikiwa imefunguka.

Mama alikuwa nje akipepeta mchele. Aliniona nimevaa gauni la bluu, akajua. Aliuweka ungo chini. "Umekula?" akaniuliza, na hilo ndilo swali pekee aliloniuliza kuhusu jambo lile mpaka alipofariki. Majirani waliuliza zaidi. Mama Shabani, mwenye duka la nyanya mkabala na kwetu, alikuwa na mdomo usiochoka. Kila ndege ilipopita juu ikielekea uwanjani alitoka akaniita, "Konso! Ile ndege yako inapita, ipungie wakusimamishie!" Na watu wa barabara wakacheka, na mama akaingia ndani. Ilidumu mpaka walipopata mwingine wa kumcheka.

Bibi Salma hakukaa Maskati. Alirudi baada ya miaka michache, akasema kule hakuna mtu wa kugombana naye, akaishi na mwanawe mwingine katika nyumba ileile ya Buyenzi. Nilianza kwenda kumtazama Jumapili baada ya misa. Miguu yake ilipomwacha, nikaanza kwenda na siku nyingine. Nilimlisha uji, nikamwogesha, nikamgeuza asipate vidonda. Macho yake yalipofifia alikuwa ananishika mkono na kuniuliza, "Konsolata, mistari yangu iko rangi gani leo?" Nami nilimjibu kijani, hata siku ambazo haikuwa.

Hayo Nasra anayajua, ameyasikia kwenye simu. Matangani, wanawake walipokwisha kucheka habari za pisini, aliniminya mkono na kupunguza sauti.

"Allah akulipe, ndugu yangu. Weye Mungu alikupa roho ya kutunza watu. Tangu ule mchezo nilisema." Akanywa chai. "Uko na binti, si ndiyo? Ana miaka ngapi?"

"Kumi na sita."

"Mashallah. Sikia. Mi niko na watoto wane na nyumba kubwa, napata taabu peke yangu. Unipe yeye. Viza nitafanya mimi, ya kazi wanatoa haraka sana. Atakaa kama mutoto wangu."

"Apana," nikasema.

"Usijibu leo. Fikiri."

"Nimeshajibu."

Alinitazama kidogo, akashangaa, kisha akatabasamu kama mtu anayemsamehe mwenye msiba, akatoa simu kuwaonyesha wageni picha ya Bibi. Ilikuwa ile ya pasipoti, nzima, kabla haijakatwa, aliyoitunza miaka yote. Bibi Salma kwenye kiti, mtandio wake mweusi, shuka jeupe nyuma. Simu ikapita mkono kwa mkono. Mpwa wake mmoja, msichana mdogo, akaikuza picha kwa vidole.

"Shangazi, hivi vidole juu ni vya nani?"

Nasra akainama kutazama. "Sijui. Vya mupiga picha, labda."

"Ni vyangu," nikasema.

"Wee! Kweli?" Akaileta simu karibu na uso. Kwenye ukingo wa shuka, kulia na kushoto, kulikuwa na vidole vyangu, vyembamba, kucha fupi. Nasra akacheka kwa furaha, akauchukua mkono wangu na kuubusu. "Kumbe ulikuwapo!" Halafu akageukia wengine. "Mungoje, niikate vizuri kwanza, halafu nawatumia wote." Akapitisha kidole chake juu ya kioo, pole pole, kwa uangalifu, akabana pembe moja kisha nyingine.

Simu yangu ililia nikiwa narudi nyumbani, nimefika Ngagara. Nilisimama kando ya barabara nikaifungua. Bibi Salma alikuwa ananitazama, shingo imegeuka kidogo, na nyuma yake shuka limenyooka bila kunjo, limejishikilia lenyewe.